Siku Nane Katika Monasteri za Armenia: Uzoefu Wangu wa Basi la Watalii na Gari Lenye Dereva

Huu ni mwaka wangu wa tisa hapa Sharjah, na kwa muda wote huo Armenia nilikuwa nikiiona kwenye ubao wa safari pale uwanja wa ndege tu, mpaka mwenzangu wa kazini aliponieleza kwamba Mtawala wa Sharjah, Sheikh Sultan bin Muhammad Al-Qasimi, alitoa fedha za kuikarabati monasteri ya kale ya nchi hiyo iitwayo Haghartsin, iliyo katikati ya msitu. Habari hiyo haikunitoka akilini. Mama yangu mdogo alipokuja kutoka Tanga kunitembelea mwishoni mwa Septemba, nilimwomba tufuatane tukaione, naye akakubali kwa sharti moja tu, kwamba asipandishwe milima kwa miguu, maana goti lake la kushoto lina maradhi ya siku nyingi.

Ninaandika hasa kwa ajili ya wale wanaosafiri na mzee au na watoto, na ambao hawajaamua kama wanunue ziara za basi za siku moja au wakodi gari lenye dereva kwa siku kadhaa. Mimi nilivijaribu vyote viwili katika safari moja, na Tatev, monasteri iliyo mbali kusini mwa nchi, niliifikia kwa njia zote mbili. Ushauri wangu ni kukodi gari na kulala hukohuko milimani.

Kutoka Sharjah hadi Yerevan, mji mkuu wa Armenia, ni kama saa tatu angani. Usiku uleule tuliofika nililipia ziara ya basi ya kampuni moja ya mjini, nikiwa nimevutiwa na orodha ndefu kwa bei ndogo: monasteri za Khor Virap, Noravank na Tatev, zote kwa siku moja. Ningeitazama ramani vizuri nisingelipia. Tatev iko takriban kilomita 250 kutoka Yerevan, na njia ya kwenda huko ni ya milima, tena ndiyo inayotumiwa na malori yanayokwenda na kutoka Iran, hivyo basi linaweza kukokota nyuma ya lori kwa muda mrefu likitafuta mahali pa kulipita. Tuliambiwa tuwe tayari saa mbili asubuhi. Tulitoka mjini saa tatu na robo, baada ya kuzungushwa hoteli hadi hoteli kuchukua wengine.

Khor Virap iko juu ya kilima kidogo kwenye bonde tambarare, na nyuma yake umesimama mlima Ararat wenye urefu wa mita 5,137, ambao Waarmenia wanaupenda kama wao ingawa uko Uturuki, ng'ambo ya mpaka uliofungwa. Kwa mapokeo yao, hapo ndipo Mfalme Tiridates wa Tatu alipomfungia shimoni Mtakatifu Gregori Mwangazaji kwa takriban miaka 13, kabla ya mfalme huyohuyo kuongoka na kuufanya Ukristo kuwa dini ya nchi, jambo ambalo wao hulihesabu kuwa lilitokea mwaka 301. Shimo lenyewe lipo hadi leo, na mgeni anaruhusiwa kushuka kwa ngazi ya chuma iliyosimama wima. Nilishuka. Chini kule hewa ni nzito na ya joto, mawe yana masizi ya mishumaa, na sauti za watu walio juu zinakufikia kama zinazotoka mtungini. Nilitamani kukaa kidogo nitafakari miaka 13 ya mtu mahali kama pale, lakini mwenzetu mwingine alikuwa tayari anashuka juu ya kichwa changu, na kiongozi wa ziara alikuwa akipiga makofi kutuita.

Noravank tulipewa dakika 35. Tulifika alasiri kwenye kituo cha gari la nyaya la Tatev, linaloning'inia angani na kuvusha watu korongo, tukapanga foleni kwa zaidi ya saa nzima, na tulipovuka tukaambiwa tumebakiwa na dakika 25. Mama mdogo alizimaliza zote kwenye foleni ya choo. Tulirudi Yerevan saa sita kasorobo usiku, goti lake likiwa limevimba, na siku hiyo yote tulikuwa tumekaa ndani ya basi kwa muda mrefu kuliko mahali popote. Nilipolalamika kesho yake nilijibiwa kwamba sehemu zote zilizoandikwa kwenye tangazo zilitembelewa. Ni kweli zilitembelewa. Lakini mtu hafungi safari kwenda kwenye jengo lililosimama kwa miaka elfu moja ili ahesabiwe dakika mlangoni.

Mwenye nyumba ya wageni tuliyofikia ndiye aliyetutafutia dereva. Tulikubaliana dramu 35,000, fedha za Armenia, kwa siku, mafuta, chakula na malazi yake yakiwa humo humo, na nilisisitiza tuandike kwenye karatasi majina ya sehemu zote na mahali pa kulala kila usiku. Nawasihi wengine wafanye hivyo, kwa kuwa neno "Tatev" peke yake laweza kuwa na maana ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Kwa anayesafiri peke yake na mwenye muda, ipo marshrutka, basi dogo linaloondoka likijaa kama daladala zetu, nayo nauli yake ni ndogo sana. Ila mara nyingi hukuacha kwenye mji wa jirani, na kutoka hapo hadi monasteri bado kuna mlima. Kwa mwenye goti bovu hiyo si njia.

Dereva wetu alikuwa mtu wa makamo, anayezungumza Kirusi vizuri na Kiingereza cha maneno machache, na yaliyobaki tuliyamaliza kwa programu ya kutafsiri kwenye simu. Mama mdogo alimwita mwanangu tangu dakika ya kwanza, na yeye akamwita mayrik, yaani mama. Kila tulipofika alishuka kwanza, akaenda kutazama ngazi, kisha akarudi kutuambia zipo ngapi na kama kuna mahali pa kushika. Hakuna aliyemtuma.

Siku ya kwanza naye tulikwenda Garni, kwenye hekalu la nguzo la zama za kabla ya Ukristo, ambalo tulilipita upesi, kisha tukapanda hadi Geghard, kama kilomita 40 tu kutoka Yerevan. Geghard ni lazima. Kanisa lake kuu ni la mwaka 1215, lakini kinachomshangaza mtu ni vyumba vilivyo ubavuni mwake, ambavyo havikujengwa bali vilichongwa ndani ya jabali lenyewe, kuanzia juu kwenda chini, pamoja na nguzo, matao na kuba zake. Katika chumba kimojawapo kuna chemchemi inayotoka mwambani na kupita kwenye mfereji mdogo sakafuni, na watu huinama kuchota kwa viganja. Katika ukumbi wa juu, ulio na makaburi ya ukoo wa Proshian, tulimkuta mwanamke mmoja akiimba peke yake, taratibu, bila chombo chochote, na kila mstari alioumaliza uliendelea kuzunguka kwenye mawe wakati yeye akivuta pumzi kuuanza mwingine, hata nikawa sijui ni wapi sauti yake inaishia na wapi jabali linaanzia. Tulikaa humo karibu saa nzima. Dereva alikuwa nje ananunua gata, mkate mtamu wa mviringo unaouzwa na akina mama njiani, na alipotuona tunatoka hakutazama saa.

Kuingia katika monasteri hizi ni bure. Unalipia mishumaa ukipenda, na mara nyingine maegesho. Mishumaa haisimamishwi madhabahuni bali kwenye masinia ya mchanga. Mwanamke akijitanda shungi inapendeza, na sisi hatukuwa na la kubadilisha. Jambo moja tulilojifunza kwa kutazama ni kwamba mwenyeji akitoka kanisani haigeuzii madhabahu mgongo. Hurudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Sisi tulikuwa wageni wa dini nyingine, lakini tulitoka vivyo hivyo, kwa heshima ya mwenye nyumba.

Siku iliyofuata tulipita ziwa Sevan, lililo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,900, na monasteri yake iliyoasisiwa mwaka 874. Ngazi ni nyingi na upepo ni mkali, kwa hiyo mama mdogo alibaki chini akila samaki. Mimi nilipanda, nikatazama maji, nikashuka. Sikuona haja ya kukaa.

Jioni tukaingia misitu ya Dilijan, na asubuhi yake tukafika Haghartsin. Ni kundi la makanisa ya karne ya 10 hadi ya 13, yaliyokaa kwenye uwazi mdogo, miti mirefu ikiwa imeyazunguka pande zote, na asubuhi ile ukungu ulikuwa bado haujatoka bondeni. Nitasema wazi kwamba ukarabati umeyafanya baadhi ya mawe kuwa safi mno, na anayetafuta kuta zilizoota kuvu atazipata kwingine. Hata hivyo paa halivuji, njia ya magari inafika hadi karibu, na mama mdogo aliweza kutembea eneo lote kwa miguu yake mwenyewe, jambo ambalo halikuwezekana mahali pengi. Alikaa muda mrefu katika ukumbi wa kulia chakula wa mwaka 1248, chini ya matao yanayokatana juu, akauliza watawa wangapi waliwahi kula pale na walikula nini. Nilipomkumbusha kwamba sehemu ya kazi hii ilifanywa kwa fedha za mtawala wa mji ninakoishi, aliitikia, "Mwenyezi Mungu amlipe," kisha akaupapasa ukuta kwa kiganja kama anayepapasa kitambaa dukani.

Kutoka hapo tulifuata bonde la mto Debed kwenda kaskazini, hadi Sanahin na Haghpat, monasteri mbili za karne ya 10 zilizo kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Jina la Sanahin husemwa kuwa na maana ya "huyu ni mkubwa kwa umri kuliko yule", yaani kuliko jirani yake Haghpat. Sakafu yake ni mawe ya makaburi, na haiwezekani kupita bila kuyakanyaga. Dereva alitueleza kwamba waliozikwa walitaka hivyo kwa unyenyekevu. Kati ya makanisa mawili kuna ujia mrefu wenye viti vya mawe pande zote, ambako wanafunzi walikaa kusoma. Haghpat kuna jiwe la msalaba la mwaka 1273 lililochongwa Yesu msalabani na watu wanaomzunguka, na bado lina wekundu wa rangi ya kale. Mawe haya huitwa khachkar, yako nchi nzima, na kwa mtu aliyekulia pwani, aliyezoea milango ya nakshi, hayahitaji maelezo mengi: ni fundi yuleyule anayekataa kuacha hata nafasi ya kidole bila ua, mnyororo au fundo.

Usiku huo tulilala kijijini Haghpat, katika nyumba ya familia, na hapo ndipo safari ilipobadilika kwa mama mdogo. Alfajiri tulisikia watu uani. Wanawake watatu walikuwa wamekaa kuzunguka tonir, tanuri ya udongo iliyofukiwa ardhini hadi mdomoni, wakioka lavash. Mmoja alisukuma donge, wa pili akalirusha mkono hadi mkono mpaka likawa jembamba kama shuka, akalitandika juu ya mto mgumu, akainama na kulibandika kwa kishindo kwenye ukuta wa ndani wa tanuri. Baada ya muda usiotosha hata kupiga chafya ya pili, wa tatu aliuchomoa kwa ndoano ukiwa umefanya malengelenge ya hudhurungi. Mama mdogo alisimama akitazama, kisha akasema, "Hii si mofa hii!" Na kweli, bibi yake alioka mikate ya mofa kwa kubandika hivyohivyo kwenye tanuri ya udongo. Neno tonir halikumpa taabu hata kidogo, maana yeye aliendelea kuiita tanuri, nao wakamwelewa. Walimpa donge. Wa kwanza ulidondokea kwenye makaa, wa pili ukashika. Lavash iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi usioshikika mwaka 2014, lakini ziara ya basi ingetuonyesha kipande kwenye sahani tu.

Siku ya sita ilikuwa ndefu, kwa kuwa tulitoka kaskazini hadi kusini kwa kupitia mlima wa Selim. Karibu na kilele cha njia hiyo, kilicho kwenye mwinuko wa mita 2,410, kuna msafarahani, nyumba ya mapumziko ya misafara ya biashara, iliyojengwa mwaka 1332 kwa mawe meusi. Ndani ni ukumbi mrefu wenye mahori ya wanyama na mwanga unaoshuka kutoka matundu ya darini. Sikuitarajia, na haikuwa kwenye karatasi yetu. Dereva alisimamisha gari mwenyewe. Katika ukumbi wa mbele kuna maandishi ya Kiarmenia, na juu ya mlango kwa nje kuna maandishi ya Kiajemi kwa herufi zilezile za Kiarabu nilizofundishwa chuoni nikiwa mtoto. Lugha siijui, lakini kuzitambua herufi alif na lam kwenye jiwe la mlima ule, baada ya siku kadhaa za alfabeti ya Kiarmenia ambayo sikuweza kuisoma hata kidogo, kulinigusa kuliko nilivyotegemea.

Noravank niliirudia asubuhi na mapema, kabla ya mabasi, wakati jua lilipokuwa linaanza kuipata miamba myekundu inayoizunguka. Kanisa lake la ghorofa la mwaka 1339 ni kazi ya Momik, mchongaji aliyekuwa pia mchoraji wa vitabu, na ghorofa ya juu hufikiwa kwa ngazi nyembamba za mawe zilizotokeza ukutani nje, zisizo na mahali pa kushika. Wazee na watoto wasijaribu. Nilipanda kwa mikono na magoti, na kushuka kulikuwa kugumu zaidi.

Kisha Tatev, kwa mara ya pili. Gari la nyaya lina urefu wa mita 5,752 kutoka kituo hadi kituo, linavuka korongo la mto Vorotan kwa takriban dakika 12, na tangu lizinduliwe mwaka 2010 limekuwa kivutio peke yake. Ni safi na tulivu, na mzee yeyote analimudu. Tofauti na mara ya kwanza, safari hii tulivuka baada ya saa tisa, wakati wengi walikuwa wanarudi, na hapakuwa na foleni ya upande wetu. Dereva alizunguka na gari kwa barabara ya makona kupitia chini ya korongo, akatukuta ng'ambo.

Gari la mwisho lilipoondoka, monasteri ilibaki na watu wasiofika kumi. Kanisa la Paulo na Petro lilijengwa kati ya mwaka 895 na 906, kwenye ukingo wa jabali, na katika karne ya 14 na ya 15 palikuwa na chuo kikuu hapa. Tetemeko la mwaka 1931 liliangusha kuba na mnara wa kengele, na kuba imejengwa upya. Uani kuna gavazan, nguzo ya mawe yenye urefu wa mita nane hivi, iliyotengenezwa ili icheze bila kuanguka, na inasemekana watawa waliitumia kutambua mitetemo ya ardhi na ya majeshi yanayokaribia. Mara ya kwanza niliipita bila hata kujua ni kitu gani. Ndani, mama mmoja anayeuza mishumaa alimwona mama mdogo akijishika goti, akainuka na kumpa kiti chake mwenyewe. Walikaa hivyo, mmoja kitini na mwingine kwenye benchi la jiwe, bila lugha hata moja ya kuzungumza, mpaka mishumaa ikaanza kuzimwa.

Nyumba ya wageni ya kijijini Tatev ilikuwa na dosari yake: tuliahidiwa chumba chenye joto, na kipasha joto kilifanya kazi saa mbili tu. Usiku wa milimani mwanzoni mwa Oktoba ni baridi, kwa hiyo bebeni masweta hata kama Yerevan bado ni fulana. Mwenye nyumba aliona aibu, akaleta mablanketi zaidi, na mama mdogo alipotandika msala barazani alfajiri, alitoka kumnyamazisha mbwa.

Kuhusu chakula, Waislamu wajue kwamba nyama ya kuchoma, khorovats, mara nyingi ni ya nguruwe. Tulijifunza neno moja, khoz, yaani nguruwe, tukalitumia kila mahali, na hakuna aliyekasirika. Samaki, supu ya dengu, jibini, mboga na mikate vilitutosha vijijini. Yerevan kuna mikahawa ya Kiirani, na upo Msikiti wa Bluu wa karne ya 18, wenye ua wa miti, ambako tuliswali siku ya mwisho. Kuhusu maeneo ya kusini na mashariki, karibu na mpaka wa Azerbaijan, ulizeni hali ilivyo kabla ya kuondoka, na msikubali njia za mkato ambazo dereva mwenyewe anazikataa.

Dereva alitufikisha uwanja wa ndege usiku, akashusha mizigo, akamkabidhi mama mdogo furushi la lavash zilizokaushwa kutoka Haghpat, ambalo alikuwa amelificha kwenye buti tangu siku ya tano. Alionyesha kwa vidole jinsi ya kuzifanya: unanyunyiza maji, unafunika kwa kitambaa, unasubiri. Tulizila Sharjah kwa wiki tatu, na chache zilizobaki mama mdogo alizifunga kwa khanga akaondoka nazo kwenda Tanga.